Jinsi ya kulinda moyo na roho yako kwa watu wanaokumaliza nguvu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ilikuwa saa nne usiku, maziwa yako kwenye sigiri, mtoto ameshalala, na simu nimeibana kati ya sikio na bega maana mikono yote miwili inakunja vitenge vya kesho. Upande wa pili shoga yangu analia habari za mume wake, habari zilezile za Jumanne, zilezile za wiki iliyopita, na mi nasema tu "pole dada", "eeh", "pole bambi", mpaka nikasikia harufu. Maziwa yamefurika, yamezima mkaa nusu, chini ya sufuria kumeungua kabisa. Yeye akamaliza akaniambia ahsante mpenzi wangu, sasa nimepata nafuu wacha nilale. Akakata. Akalala yeye. Mi nilikaa jikoni mpaka saa saba nasugua sufuria na majivu, na kila neno lake linanizunguka kichwani utafikiri huyo mume ni wangu.

Alfajiri ilinipita. Dukani nikamfokea mama wa watu aliyeuliza bei ya kitenge mara mbili, akaweka kitambaa chini taratibu akaondoka. Ndo siku hiyo nilianza kujiuliza, nguvu zangu huwa zinaenda wapi?

Mi nauza vitenge na mashuka hapa Busia, upande wa Uganda, na mji wetu mnaujua, ni mji wa kupita, kila mtu anapita kwako. Ndugu anayevuka kwenda Kenya analala kwako, anayerudi analala kwako, Msamia, Mganda, Mluo, Msomali, wote tunaelewana kwa Kiswahili na wote wana shida za kueleza. Kukataa mtu hapa ni aibu kubwa. Kwa hiyo ninachoandika siyo mambo ya kukata watu tu, eti huyu mbaya mfute huyu mbaya mfute, hapana, hayo kwetu hayawezekani na mi siyaamini. Nilichojifunza ni kwamba mtu hakumalizi nguvu kutoka kila upande, anapitia mlango fulani, na ukiujua mlango unaweza kuubana huo na bado ukabaki ndugu yake.

Hatua ya kwanza: andika siku 14 kabla hujamlaumu mtu

Chukua daftari la kawaida, lile la shule. Usitumie simu kwa sababu simu yenyewe ni mlango, utaifungua uandike utakuta meseji na utasahau ulichotaka. Kila ukimaliza kuongea na mtu kwa zaidi ya dakika kumi hivi andika: nani, tuliongea wapi (simu, dukani, nyumbani), muda gani, na namba tatu.

Namba ya kwanza ni nguvu zako kabla, toka 0 mpaka 10. Ya pili ni nguvu baada. Ya tatu, na hii ndo watu wengi wanaisahau, ni kesho yake asubuhi ukiwa umeshakunywa chai, bado unajisikiaje kuhusu yale mazungumzo.

Hii namba ya tatu ndo ilinifungua macho. Mama yangu alipolazwa nilikuwa nashinda naye wodini, nageuza mwili, naosha nguo, narudi nyumbani nimekwisha kabisa, baada ilikuwa mbili au tatu. Lakini asubuhi niko saba. Nimechoka mwili ila moyo uko sawa, nina amani. Halafu kuna jirani mmoja anakuja dukani dakika kumi na tano tu, hana ubaya, anacheka hata, anaondoka niko tano, na kesho asubuhi niko TATU, bado najiuliza alimaanisha nini aliposema "wewe siku hizi unang'aa, sijui pesa inatoka wapi". Kwa hiyo uchovu wa kazi ya upendo unaisha na usingizi. Huu mwingine unalala nao unaamka nao.

Andika pia mwili umefanya nini. Mi taya linakaza na bega la kushoto linapanda. Mwingine tumbo, mwingine kichwa, mwingine anakula ovyo, nina dada namjua ambaye kila akiongea na baba wa watoto wake lazima atume mtoto akalete chapati nne anakula peke yake amesimama. Mwili unajua mapema kuliko akili, sasa wewe andika tu, usitafsiri bado. Na daftari ficha jamani, hili ni la siri, likionekana utaleta vita nyumbani.

Hatua ya pili: jua ni mtu wa aina gani uliye naye

Baada ya siku 14 utaona majina mawili matatu yanarudi. Usikimbilie kusema ana roho mbaya, au ati amekutupia kitu. Kwetu tunapenda sana hiyo, mtu akikuchosha tunasema ni jicho, ni majini, na kabla hujajua uko kwa mganga unalipia kinga au uko kwa mtumishi fulani unanunua mafuta ya upako. Nitalirudia hili huko chini maana linanikera.

Mi nawaona wako aina tatu.

Kuna mwenye mzigo wa kweli. Amefiwa, anaumwa, ameachwa na watoto watano. Huyu hakunyonyi, huyu anahitaji, na shida huwa ni kwamba wewe ndo umebaki peke yako kumbeba. Na kuna ambao siyo huzuni ya kawaida tena, halali, hali, haogi, anasema bora nife, huyo anaumwa ugonjwa na masikio yako siyo dawa. Mpeleke hospitali. Hospitali kubwa za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na ile ya taifa ni Butabika pale Kampala, na jamani tuache kusema Butabika ni ya vichaa, watu wanaingia wanatibiwa wanarudi kazini. Akisema anataka kujiua usimwache peke yake na usingoje kesho.

Kuna kitu kilifanyika hapahapa Uganda ambacho mi nakipenda sana. Kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwao wanaume kwao, wakawa wanakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na wanaoongoza ni watu wa kawaida wa hukohuko waliofundishwa kwanza. Matokeo yakachapishwa 2003, waliokuwa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwemo. Sasa angalia hapo. Hakuna mtu mmoja aliyebeba mwenzake usiku wa manane kwenye simu. Kuna siku, kuna saa, kuna watu wengi, na kuna mwisho wake. Hiyo picha ishike, tutaitumia.

Aina ya pili ni mwenye mazoea. Huyu shida yake ingekuwa imeisha ila imekuwa desturi, amekuzoea wewe kama mtu anavyozoea chai ya saa kumi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, yeye hauoni uzito kwa sababu uko kichwani kwako. Wengi wanaotuchosha ni hawa, na ni watu wazuri, tunawapenda.

Aina ya tatu ni mwenye kuumiza. Anakutukana, anakutisha, anakunyang'anya pesa, anakuzuia kutoka, anakupiga. Tafadhali kama ni huyu USIFUATE hatua zangu za kuweka mipaka kwa maneno matamu, mtu wa hivi ukimwambia "sasa nimeamua" anaweza kukuumiza zaidi, siku za kuondoka ndo siku za hatari. Sheria ya Uganda ya ukatili wa majumbani, ya 2010, haihesabu kupigwa tu, inahesabu na mateso ya maneno na ya hisia na ya kunyimwa pesa, kwa hiyo usiseme ah hajanipiga bado. Unaweza kuanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chako, au polisi kwenye dawati la familia na watoto, na FIDA Uganda, wale wanawake wanasheria, wanasaidia bure wasio na uwezo. Panga kimya kimya, vitambulisho na vyeti vya watoto viweke kwa mtu unayemwamini, ujue utalala wapi. Hatari ikiwa saa hiyohiyo piga 999 au 112. Ya mtoto ni 116.

Yanayofuata ni kwa aina ya kwanza na ya pili.

Hatua ya tatu: tafuta mlango anaopitia

Fungua daftari uangalie tena, siyo majina sasa, angalia wapi na saa ngapi. Mi nilikuta kwamba shoga yangu wa maziwa akija dukani mchana tunacheka, tunakula rolex moja (ile chapati ya kukunja na mayai) nusu kwa nusu, niko saba naishia nane. Usiku kwenye simu naishia mbili. Mtu yuleyule! Kumbe tatizo halikuwa yeye, lilikuwa ni simu baada ya saa tatu. Nikawaza miaka yote niliyokuwa nataka kumkwepa bure.

Simu kwa hiyo ianze. Kwenye WhatsApp magrupu unaweza kuyanyamazisha masaa 8, wiki moja au daima, mi lile la ukoo ni daima na nalifungua mwenyewe mara moja kwa siku baada ya adhuhuri. Ukihifadhi chati kwenye arkaivu inabaki huko hata akituma mpya, haikurukii machoni. Tiki za bluu zima, na ile ya kuonyesha uko hewani zima, maana nusu ya ugomvi ni "nimekuona onlaini hujanijibu". Kutoka kwenye grupu siku hizi hakumtangazii kila mtu, ma-admini tu ndo wanaarifiwa. Na usiku weka simu isisumbue, halafu chagua majina matatu manne yanayoweza kupita, mama, watoto, mume. Simu nyingi za Android pia zinaruhusu mtu akikupigia mara mbili ndani ya dakika 15 iite, kwa hiyo msiba ukitokea utapatikana. Hilo ndo lilikuwa linanifanya nisilale, nikizima simu je mtu akifa? Sasa nalala.

Mlango mwingine ni mahali. Dukani kwangu palikuwa na kistuli kando ya mlango, anayepita anakaa, na akikaa hatoki. Nilikiondoa tu. Sikumwambia mtu neno. Wateja wanakaa kwenye kiti cha ndani nikiwakaribisha mimi, na wale wa kupiga soga ya masaa matatu wanasimama dakika tano wanasema miguu inauma wanaenda zao, tumeachana kwa wema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii methali tuitumie kweli siyo kuisema tu, mtu akilala kwako zaidi ya siku hizo mpe kazi ya nyumbani, achote maji, amchukue mtoto shule. Anayekuja kupumzika kwa kweli atafanya kwa furaha, mwingine ataaga mwenyewe.

Hatua ya nne: maneno yenyewe ya kusema

Hapa ndo watu wanakwama. Wanajua wanataka kukataa ila mdomo unasema ndiyo, kwa sababu sisi tumelelewa hivyo, mkubwa haambiwi hapana. Kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa peke yako, kwa sauti, ukiwa unafua au unapika. Usicheke, mi nilifanya wiki nzima.

Kanuni yangu ni heshima kwanza, halafu jibu fupi, halafu kile unachoweza, basi. Na usitoe sababu nyingi, kila sababu unayotoa ni kamba anayoishika avute. Ukisema "sina pesa maana nimelipa ada" atakuambia ada si ungelipa nusu.

Kwa shoga yangu nilisema hivi, na nilimwambia uso kwa uso mchana, siyo kwa meseji: "Dada, shida yako naijua na nakupenda. Ila usiku nikisikiliza silali na asubuhi nakosa kazi. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, nitafunga mapema, tukae mimi na wewe saa nzima." Alinyamaza. Akaniambia sawa, kwa sauti ya kuumia. Usiku uleule akapiga, sikupokea, moyo ulikuwa unadunda kama nimeiba. Asubuhi nikamtumia: "Umeamkaje dada? Jumamosi nakusubiri." Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja na muhogo wa kuchemsha.

Kwa mtu mzima anayestahili heshima, shangazi au mjomba, usiseme hapana waziwazi mbele ya watu. "Shangazi nimekusikia, niache nikalale nalo, nitakujibu Ijumaa." Kisha Ijumaa ujibu kweli, wewe ndo umpigie. Ukikaa kimya utakuwa umemdharau na hapo kosa ni lako.

Kwa anayeleta umbeya: "Hilo mi sitaki kulijua mama, nikionana naye nitashindwa kumwangalia. Niambie habari za watoto." Unasema hukuhuku unamkaribisha maji. Mara tatu nne atapeleka kwingine.

Kwa anayekukosoa kila siku na ni mkubwa wako, mama mkwe labda: "Sawa mama." Tu. Siyo kwamba umekubali, ni kwamba huugombei. Usimweleze, usijitetee. Kama yamezidi mtafute mtu wa kati, kwa Waganda kuna senga, yule shangazi wa kushauri, kwetu kuna mzee au somo, mtu anayeweza kuongea naye kwa niaba yako bila wewe kuonekana mkorofi. Kazi ya watu hawa ilikuwa hiyohiyo tangu zamani, sijui kwa nini tumeiacha tunaenda kupost stetasi za mafumbo, ambazo yeye hazisomi na jirani anazisoma zote.

Hatua ya tano: pesa iwe na fungu lake

Siwezi kuongelea kuchoshwa nikaacha pesa, maana kwetu zinaenda pamoja. Mwezi mmoja tu unaweza kupata miting ya harusi kila Jumapili wanakuandikisha ahadi mbele za watu, kwanjula ya binamu (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao), mabugo yaani rambirambi za msiba, ada ya mtoto wa kaka, na dada mmoja yuko Arabuni kwenye kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, analia kwamba kila simu ya nyumbani inaanza na salamu na kuishia na kiasi. Mi huwa nawahurumia sana hao wa kyeyo, mtu anaamka saa kumi usiku kwenye nyumba ya watu na mama yake mwenyewe haulizi kama amekula.

Fanya hivi. Mwanzo wa mwezi, kabla ya mtu yeyote kuomba, toa kiasi unachoweza kukipoteza bila kinyongo, kiwe 20,000, kiwe 100,000, na ukiweke kando, laini nyingine ya mobile money au bahasha. Hilo ni fungu la watu. Anayekuja anapewa humo. Likiisha limeisha mpaka mwezi ujao, na jibu lako linakuwa la kweli kabisa: "Kaka, ya mwezi huu imeisha. Mwezi ujao tarehe tano niulize." Huhitaji kuapa wala kudanganya, na uongo nao unachosha jamani, kukumbuka nani ulimwambia nini.

Usimkopeshe ndugu unachotaka kirudi. Kama unaweza kutoa sehemu yake kama zawadi, toa, usahau. Deni la ndugu linakula vyote viwili, pesa na salamu. Na usitume vidogo vidogo kila siku, 5,000 leo 5,000 kesho, kila kutuma kuna ada na yeye akitoa kuna ada nyingine pamoja na ile kodi ya 0.5%, mnapungukiwa wote, na zaidi ya hapo kila kutuma ni simu na kila simu ni hadithi. Mara moja kwa mwezi, tarehe moja.

Kwenye miting ya harusi peleka mchango wako siku ya kwanza taslimu uandikwe "amelipa", halafu huna sababu ya kwenda zile miting nyingine saba.

Hatua ya sita: roho

Nimeiweka hapa siyo kwa sababu ni ndogo. Ukianza na hii bila kufunga milango utaomba usiku na mchana na bado uchoke, utadhani Mungu hakusikii.

Mi ni Muislamu na ninachofanya ni hiki. Nikitoka kwa mtu aliyenichosha, au nikifunga duka, natia udhu hata kama siyo wakati wa swala. Maji baridi mikononi, usoni, miguuni, nafanya polepole na nasema moyoni, hili ni la fulani, Mola wangu nakurudishia. Usiku nasoma Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu tatu, napuliza kwenye viganja napaka mwilini kama Mtume alivyofanya. Na dua yangu kwa yule mtu namtaja jina, namuombea, kwa sababu nimegundua mtu niliyemuombea simzungushi tena kichwani.

Jirani yangu Mkristo yeye anakaa kitandani kabla ya kulala, anavuta pumzi akihesabu nne, anaitoa akihesabu sita, mara kumi, halafu anasoma zaburi yake. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta mapigo ya moyo yanapoa, hiyo ni ya mwili tu na inafaa dini zote. Yeye ndo alinisimulia habari ya Musa na mkwewe Yethro, alivyomkuta Musa amekaa toka asubuhi mpaka jioni anasikiliza mashauri ya watu wote peke yake, mzee akamwambia hili si jema, utachoka wewe na hawa watu wako, chagua wengine wabebe pamoja nawe. Na kwetu kuna Salman alivyomkuta Abu Dardaa, wote masahaba wa Mtume, anafunga mchana na kusali usiku mpaka mke amesahauliwa, akamwambia Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahli zako wana haki kwako, mpe kila mwenye haki haki yake, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Sasa kama wao walichoka, wewe ni nani usichoke?

Lile nililosema linanikera ni hili: ukiwa umechoka ndo wakati unapatikana kirahisi. Anatokea mtu anakuambia umefungwa, lete kuku, lete laki mbili, lete sadaka maalum ununue mafuta haya, na rudi kila wiki. Mimi nililipa. Miezi minne nililipa, na nilipokosa hela ya mwezi wa tano nikaambiwa yatarudi mara saba. Nilitetemeka siku tatu nzima, hakikurudi kitu. Huyo anayekutisha ili urudi na pesa, mwandike kwenye daftari lako kama wengine, pamoja na namba zake tatu. Dua ya kweli hailipiwi, iko kwako hapo ulipo.

Hatua ya saba: wiki za kwanza zitakuwa mbaya zaidi

Hili mtu hakuniambia, nilidhani nimekosea. Mtoto anayeachishwa ziwa analia zaidi siku za kwanza kuliko siku zote, na watu wazima ni vilevile. Watapiga zaidi. Watatuma mtu. Utasikia umebadilika, una majivuno, umepata pesa, mume wako ndo anakukataza. Kama ukitetereka siku ya kumi umewafundisha kwamba inabidi walie siku kumi, kwa hiyo sentensi yako iwe moja na ileile, bila hasira, hata mara ishirini. "Jumamosi baada ya alasiri dada." "Tarehe tano kaka."

Na wewe mwenyewe utaumia. Utajisikia mkatili. Mi nililia, sisemi uongo. Nilichofanya kila nikitaka kupiga kuomba msamaha nilifungua daftari nikasoma ile namba ya asubuhi. Kwangu ilichukua kama wiki sita hivi mambo kutulia, na wawili hawakurudi kabisa, mmoja nilimpenda sana.

Nafasi itakayobaki usiiache tupu, itajaa takataka. Ndo hapo daftari linasaidia tena, tafuta wale wanaokupandisha, uwapangie siku. Mi ni nigiina yetu ya Jumapili, kikundi cha kina mama kumi na mbili cha kutunzana kwa zamu, tunapeana vyombo na kucheka mpaka mbavu zinauma.

Hatua ya mwisho: jiangalie na wewe

Nilipofika hapa nikageuza daftari nikaandika ukurasa mpya, watu ninaowapigia MIMI nikiwa na shida. Kulikuwa na jina moja limejaa. Mdogo wangu yuko Mbale, ana mapacha, na nilikuwa nampigia kila nikigombana na mtu, saa yoyote, naongea yangu nakata. Sikumbuki lini nilimuuliza mapacha wanaendeleaje.

Fanya hivyo pia. Chagua jina lililojaa, na kabla hujapiga tena tuma meseji kwanza. Mi nilimwandikia: "Mdogo wangu, una nafasi leo dakika kumi unisikilize? Kama umechoka sema tu, sitakasirika." Alijibu baada ya masaa mawili: "Leo sina dada, watoto wana homa. Kesho." Nikamuuliza kama ana Panadol ya watoto nyumbani, akasema imeisha, nikatuma hela ya dawa kutoka kwenye fungu.